Kutaka Makuu: Ushuhuda wa Wanawake Viongozi na Mahubiri Yetu

Mwanamke aliyefika mbali katika uongozi wa umma, anapoketi kuandika habari za maisha yake, mara nyingi huanza kwa kueleza ni nani aliyemtuma. Ellen Johnson Sirleaf, aliyekuwa Rais wa Liberia tangu mwaka 2006 hadi 2018, alikipa kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 2009, jina linalotokana na maneno ya mzee mmoja. Mzee huyo alifika nyumbani kwao muda mfupi baada ya yeye kuzaliwa, akamtazama mtoto, akatabiri kwamba atakuwa mtu mkubwa. Mwananchi mwenzake Leymah Gbowee, katika kitabu chake cha mwaka 2011, anasimulia kwamba kazi iliyomfanya ajulikane duniani ilianza kwa ndoto: alisikia sauti ikimwagiza awakusanye wanawake waombe amani. Wanaume wengi wa cheo kama chao huandika kwa namna nyingine. Wao husema kwamba waliona nafasi, wakaipima, wakaigombea.

Hatusemi kwamba unabii wa yule mzee haukuwapo, wala kwamba ndoto ile haikutoka kwa Bwana. Sisi tulio watumishi wa Neno hatuwezi kuwa wa kwanza kuzidharau ndoto. Swali letu ni jingine. Kwa nini mwanamke huhitaji mtu wa kumbebea hamu yake, awe mzee au malaika au chama, ndipo aweze kuitaja bila kuona haya? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya jibu imo mimbarani kwetu, na kwamba jibu hilo limeligharimu Kanisa zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu si shahidi asiye na upande. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kulaumu hamu ya kupanda: tamaa, uchu, uroho wa madaraka, kujikweza, kutaka makuu. Mithali isemayo "tamaa mbele, mauti nyuma" huijua hata mtoto. Maneno ya kuisifu hamu hiyo yapo pia, ila hugawiwa kwa upendeleo. Kijana wa kiume anayesoma usiku kwa kibatari, watu husema ana malengo. Dada yake akifanya vivyo hivyo, si ajabu kusikia kwamba anajiona. Bibi Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwezi Septemba 1995, ambapo serikali 189 zilikubaliana juu ya mpango mmoja wa utekelezaji. Ilikuwa heshima kubwa kwa nchi yetu. Lakini vijijini na mijini jina la mji ule liligeuzwa kuwa mzaha. Mke akiuliza fedha za kahawa zimekwenda wapi, mume humwambia asimletee mambo ya Beijing. Na wachungaji tulicheka pamoja na wengine, tena wakati mwingine tulicheka tukiwa tumevaa kola.

Maandiko Matakatifu ni makini kuliko mzaha wetu. Mtume Paulo anayo maneno mawili ambayo msomaji wa Agano Jipya la Kiyunani hawezi kuyachanganya. La kwanza ni *eritheia*, analolikataza katika Wafilipi 2:3. Neno hili lilitumika na Aristotle kueleza hila za watu wanaotafuta vyeo kwa kujikusanyia kundi. La pili ni *philotimeisthai*, ambalo kwa asili maana yake ni kupenda heshima. Hili Paulo halikatazi, bali analitumia juu yake mwenyewe: katika Warumi 15:20 anapoeleza shauku yake ya kuhubiri mahali ambapo Kristo hajatajwa, na katika 2 Wakorintho 5:9 anaposema juu ya kumpendeza Bwana. Katika 1 Wathesalonike 4:11 anawaagiza waamini wote wawe nalo katika kazi za mikono yao. Biblia yetu ya Kiswahili, katika tafsiri ya Union, hulitafsiri neno hili mahali pote patatu kwa kitenzi "kujitahidi". Si tafsiri mbaya. Ila ndani yake ile heshima imejificha, na hivyo Mkristo wa kawaida hukutana na katazo la hamu mbaya asijue kwamba Mtume alikuwa na hamu njema. Sisi wenyewe tunalikumbuka vizuri andiko la 1 Timotheo 3:1, lisemalo kwamba atakaye kazi ya askofu ametamani kazi njema. Hatujawahi kusikia likitumiwa kumkemea mgombea.

Sasa tuwasikilize mashahidi. Tunamtanguliza Wangari Maathai wa Kenya kwa sababu yeye, kuliko wengi, alisema wazi. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akasomeshwa na masista wa Kikatoliki, kisha akaenda Marekani mwaka 1960 pamoja na vijana wengine wa Afrika Mashariki waliopelekwa masomoni wakati ule. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia hapo. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Harakati ya Ukanda wa Kijani. Kwa mwanamume, huo ungekuwa mwanzo wa sifa. Kwake ulikuwa mwanzo wa mashaka. Ndoa yake ilivunjika mahakamani mwaka 1979, na aliposema hadharani maneno makali juu ya hukumu ile, alitiwa gerezani kwa siku chache. Mwaka 1982 aliacha kazi ya ualimu chuoni ili agombee ubunge. Jina lake likaondolewa kwa hoja ya kisheria, na aliporudi chuoni alikuta nafasi yake imekwisha kutolewa. Kwa muda mfupi alikuwa amepoteza mume, kazi, na nyumba aliyokuwa akiishi.

Katika kitabu chake cha mwaka 2006 Maathai anayarudia mambo haya, na hapo anaandika kwa kejeli kwamba angalipaswa kujua mapema kuwa hamu ya kufanikiwa haikutazamiwa kwa mwanamke wa Kiafrika, ambaye sifa zake zilizotakiwa ni haya, utii na kutojiweza. Tunawaomba wasomaji wasiipite kejeli hiyo upesi. Huyu ni mwanamke aliyelelewa na Kanisa. Shule ilikuwa ya Kanisa, bweni la Kanisa, na chuo alichosoma kwanza huko Kansas kilikuwa cha masista Wabenedikto. Kanisa lilimpa elimu na nidhamu ya kazi. Ndipo alipotaka kuitumia elimu ile mbele za watu, akakuta neno pekee lililobaki mikononi mwa jamii ni lile la lawama. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, alidhihakiwa bungeni, na akaambiwa kwamba mwanamke wa Kiafrika hupaswa kuwaheshimu wanaume. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alipigwa na polisi hata akapoteza fahamu, akiwa pamoja na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa. Akina mama wale walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la ndugu zetu Waanglikana, wakakaa humo mpaka wafungwa wakaanza kuachiwa. Kwa hiyo haki inatudai tuseme kwamba Kanisa lilikuwa pia mahali pa kimbilio. Alishindwa uchaguzi mwaka 1997, akashinda kiti cha Tetu mwaka 2002, akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akakipoteza kiti kile mwaka 2007. Akafariki mwaka 2011.

Shahidi wetu wa pili ni wa nyumbani, maana kazi ya Leymah Gbowee ilianzia katika Kanisa la Kilutheri. Wenye umri wetu wanakumbuka habari za Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Monrovia, ambamo usiku wa tarehe 29 Julai 1990 askari waliwaua mamia ya wakimbizi waliojificha humo. Miaka michache baadaye, katika eneo lile lile, Kanisa la Kilutheri la Liberia liliendesha kazi ya kuponya majeraha ya vita na kupatanisha watu, na Gbowee, mama kijana aliyekimbia mwanamume mwenye kumtesa, alijiunga nayo kama mfanyakazi wa kujitolea. Alipopata ile ndoto, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba sauti imekosea mlango. Alijiona mwenye dhambi asiyefaa kuagizwa neno kama hilo. Hata hivyo mwaka 2003 Wakristo na Waislamu wanawake, wakiwa wamevaa mavazi meupe, walikaa siku baada ya siku, juani na mvuani, katika uwanja ulio karibu na soko la samaki, wakidai vita vikome. Mwezi Julai wa mwaka ule, mazungumzo ya amani ya Accra yalipokuwa yakisuasua, yeye na wenzake waliketi kwenye milango ya ukumbi wakawazuia wajumbe wasitoke. Mapatano yakatiwa saini tarehe 18 Agosti.

Tunachokithamini katika ushuhuda wake ni kwamba haufichi gharama. Anakiri kwamba alikunywa pombe kupita kiasi, na kwamba watoto wake walilelewa kwa muda mrefu na dada yake wakati yeye akizunguka kwa ajili ya amani ya nchi. Mwanamume angeandika hayo? Ni mitume wangapi wa siasa za Afrika wameandika sura juu ya watoto waliowaacha nyumbani? Tena aliposhiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2011 pamoja na Rais Sirleaf na Tawakkul Karman wa Yemen, hakutulia chini ya mwavuli wa mkubwa. Mwaka 2012 alijiuzulu katika kazi ya upatanisho aliyopewa, akamlaumu Rais hadharani kwa rushwa na kwa kuwapa wanawe vyeo. Wanawake wenye mamlaka ni wenye dhambi kama wanaume wenye mamlaka, na Sheria ya Mungu haiwaogopi wala kuwapendelea. Atakayesoma makala hii akidhani kwamba tunaitakasa hamu ya cheo kwa kuwa mwenye nayo ni mwanamke, atakuwa hakutuelewa.

Twende sasa kwenye theolojia. Mwaka 1960 Valerie Saiving, mwanatheolojia wa Marekani, alitoa makala fupi iliyozua mjadala mrefu. Aliwahoji walimu wawili wakubwa: Reinhold Niebuhr, na Anders Nygren wa Sweden, ambaye sisi Walutheri twamkumbuka kama Rais wa kwanza wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Walimu hao walifundisha kwamba dhambi ya mwanadamu hasa ni kiburi, na kwamba upendo wa kweli ni kujitoa pasipo kujitafutia kitu. Saiving hakukana kwamba kiburi ni dhambi. Aliuliza tu kama picha hiyo ni ya wanadamu wote, au ni ya wanaume waliotazama mioyo yao wakaandika walichokiona. Kishawishi cha mwanamke, alisema, mara nyingi ni kinyume chake: kujipoteza katika shughuli za wengine mpaka asiwe na nafsi ya kumtolea Mungu. Ukimhubiria mtu huyo kila Jumapili ajishushe, unamwagiza atende dhambi yake kwa bidii zaidi.

Je, Mlutheri aweza kulipokea fundisho hili? Sisi twaona anaweza, kwa masharti. Luther, katika mihadhara yake juu ya Waraka kwa Warumi ya mwaka 1515 na 1516, alieleza dhambi kuwa ni hali ya mtu aliyejikunja kuelekea ndani ya nafsi yake. Maelezo hayo ni mapana kuliko kiburi. Yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta yake ardhini hakuwa na majivuno hata chembe; aliogopa tu, na hofu yake ikamkunja kama vile kiburi kingalivyomkunja mwingine. Wote wawili wana jirani asiyefikiwa. Kwa hiyo hatuhitaji kuwa na dhambi mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Tunahitaji mhubiri anayewajua watu wake vya kutosha kutambua nani amejikunja kwa namna gani.

Ushahidi mzuri zaidi umo katika ufafanuzi wa Luther juu ya Wimbo wa Mariamu, uliotolewa mwaka 1521. Wengi walilisoma neno la Kilatini *humilitas* katika Luka 1:48 kana kwamba Mariamu anausifia unyenyekevu wake. Luther alikataa. Mnyenyekevu wa kweli, alieleza, hajui kwamba ni mnyenyekevu, na mtu anayejisifia unyenyekevu amekwisha kuupoteza. Mariamu anaitaja hali yake duni tu, kwamba ni msichana asiyehesabiwa, ambaye Mungu amemtazama. Watafsiri wetu wa Kiswahili walifanya vizuri kuandika "unyonge". Na katika mstari ule ule, pasipo kuona haya, msichana huyo anatangaza kwamba vizazi vyote vitamwita mbarikiwa. Haombi radhi kwa ukubwa aliopewa. Kisha Luther akaiweka kazi hiyo wakfu kwa Johann Friedrich, mwana wa mfalme aliyekuwa akiandaliwa kutawala Saxony, ili ajifunze utawala kwa msichana wa kijijini! (Tunajua pia kwamba katika mazungumzo yake ya mezani Luther alisema juu ya wanawake mambo ambayo hatungependa kuyasoma mbele ya Umoja wa Wanawake. Bibi yake Katharina, aliyetoroka utawani mwaka 1523 na baadaye kuendesha nyumba, shamba, mifugo na kiwanda cha pombe, alimjibu kwa matendo.)

Kuhusu mama wa wana wa Zebedayo katika Mathayo 20, tumezoea kumhubiri kama mfano wa tamaa mbaya. Lakini tazameni: hakujiombea yeye. Hata katika kutaka makuu, aliyataka kwa ajili ya wanawe. Wale kumi waliokasirika hawakukasirika kwa sababu walikuwa wanyenyekevu. Na Bwana, alipojibu, hakuwaambia wasitake kuwa wakubwa. Aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe, kisha akaonyesha njia ya kuuendea ukubwa, yaani utumishi. Maathai na Gbowee wanapoandika juu ya nyumba iliyopotea na watoto waliolelewa na wengine, wanaeleza kikombe. Pengine wanaeleza vizuri kuliko sisi, ambao twapewa joho siku ya kubarikiwa.

Na hapa hatuna budi kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na usharika wenye deni na shule ya chekechea iliyofika usawa wa paa. Uchaguzi wa wazee na mtunza hazina ulikuwa karibu, na wanawake wawili walikubali majina yao yapelekwe: mmoja alikuwa amestaafu kazi ya uhasibu, wa pili alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Jumapili ile tulihubiri kutoka Luka 14:7-11, juu ya wageni waliochagua viti vya mbele. Tulihubiri kwa moto. Kabla ya kura wote wawili waliondoa majina yao, na wazee kadhaa walitushika mkono wakishukuru kwa neno zuri. Ndugu aliyechaguliwa hakuwa mtu mbaya, ila hesabu hakuzijua. Shule ile ilikaa bila paa misimu miwili ya mvua, kuta zikaanza kumomonyoka, na watoto waliendelea kufundishwa chini ya mwembe.

Kosa letu halikuwa katika kuchagua andiko. Lilikuwa katika kulikata. Mfano ule hauishii kwa mgeni kuketi nyuma. Mwenye karamu huja, humwona, na humwita apande mbele, na heshima hiyo aipata machoni pa wote walioketi pamoja naye. Sisi tulihubiri kiti cha nyuma kwa watu ambao hawajawahi kukaa kingine, na sehemu ya mwenye karamu tukainyamazia. Kumbe ndiyo sehemu ambayo mchungaji, kama mtumishi wa Mwenye karamu, amepewa kuitamka. Mabinti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote wakadai urithi wao, na Mungu akamjibu Musa kwamba wamenena vema. Andiko hilo hatulikumbuki katika mfululizo wo wote wa mahubiri tuliowahi kuupanga. Shirikisho letu liliamua huko Budapest mwaka 1984 kwamba asilimia 40 ya wajumbe wawe wanawake, na Kanisa letu lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa dayosisi hazikuanza pamoja. Maazimio hayo ni mema. Lakini azimio huweka kiti tu. Mtu aliyefundishwa tangu kipaimara kwamba kukikalia ni dhambi ataendelea kusimama kando yake.

Tulipokaribia uchaguzi uliofuata, tulikwenda nyumbani kwa yule mwalimu mkuu kumwomba akubali tena. Alitukaribisha chai, akatuuliza habari za watoto, akasikiliza maneno yetu yote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mchungaji, Jumapili hiyo utahubiri kutoka wapi?"